H-indeksi yako ni ngapi? Na umeandika na nani?

Kamati ya kupandisha wahadhiri cheo katika idara ya sayansi ya kompyuta ina faili mbili mezani. Nimezibuni, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo hapa Nairobi atazitambua. Waombaji wote wawili wanataka kuwa wahadhiri waandamizi, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kila faili kuna namba moja iliyokolezwa wino: h-indeksi 6, kipimo cha jinsi makala za mtu zinavyorejelewa na watafiti wengine. Mjumbe mmoja anasema basi hawa wako sawa, tuangalie mambo mengine. Mjadala umeharibika kabla haujaanza, kwa sababu hawako sawa hata kidogo, na namba iliyotarajiwa kuonyesha tofauti yao ndiyo iliyoificha.

Wa kwanza ana makala kumi na moja. Ukizipanga kuanzia ile iliyorejelewa zaidi na watafiti wengine, unapata 412, 35, 18, 11, 9, 7, 6, 3, 1, 0, 0. Wa pili ana tisa: 21, 19, 17, 14, 12, 9, 5, 4, 2. H-indeksi hupatikana kwa kushuka na mlolongo huo huku ukilinganisha nafasi ya makala na idadi ya marejeleo yake. Makala ya sita ya mwombaji wa kwanza imerejelewa mara 7, kwa hiyo inapita. Ya saba imerejelewa mara 6, haifiki saba, unasimama hapo. Ana makala sita ambazo kila moja imerejelewa angalau mara sita, basi h yake ni 6. Wa pili, makala yake ya sita ina 9 na ya saba ina 5. Naye 6.

Sasa itazame ile 412. Hata kama ingekuwa 7, h isingebadilika. Ingekuwa 40,000, pia isingebadilika. Wala hesabu haijakosea, ndivyo ilivyokusudiwa. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipopendekeza kipimo hiki mwaka 2005 alitaka kitu kisichoyumbishwa na makala moja iliyovuma, wala na mtu anayetoa makala mia moja zisizosomwa na yeyote. Alikadiria kwamba kwa mwanafizikia katika vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani, h ya karibu 12 ingelingana na kupata ajira ya kudumu, na ya karibu 18 ingelingana na uprofesa kamili. Mwanafizikia, na Marekani. Makadirio yakasafiri, masharti yake yakabaki nyuma. Mwaka 2020 Hirsch mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Waliokuja baada yake walijaribu kuziba mianya. Mtafiti Leo Egghe alitoa g-indeksi mwaka 2006, ambayo huipa uzito makala iliyorejelewa sana. Google Scholar ikaongeza i10 mwaka 2011, ambayo ni idadi tu ya makala zilizorejelewa mara kumi au zaidi. Hirsch alikuwa ameshapendekeza h igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza, ili kijana asishindanishwe na mzee. Kwa faili zetu mbili, i10 inampa wa kwanza 4 na wa pili 5, kwa hiyo wa pili yuko mbele. Jumla ya marejeleo ni 502 kwa 103, kwa hiyo wa kwanza yuko mbele karibu mara tano. Chagua kipimo, utapata mshindi umtakaye.

Halafu kuna suala la nani amehesabu. Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, huzunguka kwenye wavuti ikiokota karibu kila kinachofanana na andiko la kitaaluma: makala za majarida na za makongamano, tasnifu, ripoti za mashirika, nakala tangulizi zilizowekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya arXiv kabla mtaalamu yeyote hajazipitia. Tasnifu ya uzamili iliyohifadhiwa kwenye hazina ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikikutaja, Scholar inahesabu. Scopus, hifadhidata ya kampuni ya Elsevier, nayo ya mwaka 2004, na Web of Science, iliyotokana na faharasa aliyoiasisi Eugene Garfield kule Philadelphia miaka ya 1960, huchagua kwanza ni jarida au kongamano gani liingie, ndipo zihesabu. Matokeo yake mtu yuleyule ana h tatu kwa siku ileile, na ya Scholar karibu kila mara ndiyo kubwa. Mwombaji ataandika ipi kwenye faili? Jibu mnalijua. Kibaya ni kwamba mara nyingi haandiki imetoka wapi, na kamati haimuulizi.

Usikimbilie kusema Scopus ndiyo ya haki kwa kuwa inachuja. Kichujio kina upande wake. Makala uliyoichapisha kwenye jarida la hapa nyumbani, labda moja ya yale yaliyoko African Journals Online, inaweza kuwa imesomwa na kila anayeshughulikia mifumo ya afya ya kaunti, na Scopus isijue kama ipo. Web of Science nayo ilijengwa juu ya majarida, na kwa mwanakompyuta hilo ni tatizo kubwa.

Fani hii ina desturi yake. Mwanabiolojia akigundua jambo hulipeleka kwenye jarida. Mwanakompyuta hulipeleka kwenye kongamano. NeurIPS na ICML kwa ujifunzaji wa mashine (kompyuta kujifunza kutokana na data), SIGCOMM kwa mitandao, CHI kwa mahusiano ya watu na kompyuta: makala huko hupitiwa na wataalamu kabla ya kukubaliwa, na NeurIPS hukubali takriban moja kati ya nne. Makala ya kongamano kama hilo ni kazi kamili, imechapishwa na itarejelewa kwa miaka. Lakini mifumo mingi ya alama za kupandishia cheo, hapa na kwingineko, ilitungwa na watu wa fani zinazoheshimu jarida, kwa hiyo neno "kongamano" kwenye faili linasomeka kama safari ya siku tatu yenye chai na picha ya pamoja. Nimewasikia wanakompyuta wazuri wakishauriana wapeleke kazi yao bora kwenye jarida la daraja la kati, si kwa sababu nyingine ila alama. Wanapata alama, wanakosa wasomaji, na miaka mitano baadaye kamati ileile inawauliza kwa nini hawarejelewi.

Na kongamano lina nauli. NeurIPS ilipofanyika Montreal mwaka 2018, watafiti wengi wa Afrika walinyimwa viza za Kanada, na mwaka uliofuata, Vancouver, malalamiko yaleyale yakarudi. ICLR, kongamano jingine la ujifunzaji wa mashine, ilikuwa ije Addis Ababa mwaka 2020, korona ikaihamishia mtandaoni. Ilifika barani mwaka 2023, Kigali. Kutokuwapo ukumbini kuna gharama isiyoonekana kwenye hesabu: watu hurejelea kazi walizozisikia zikielezwa, na huandika makala inayofuata na mtu waliyekunywa naye kahawa. Ndiyo maana mkutano wa Deep Learning Indaba, wa watafiti wa ujifunzaji wa mashine barani Afrika, wa mwaka 2019, uliofanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ulikuwa na maana kupita ratiba ya mihadhara yake. Ulikuwa mahali pa kupata washirika bila kuomba viza ya mtu.

Hapo tumefikia upande ambao faili zetu mbili haziuonyeshi kabisa: nani aliandika na nani.

Ile makala iliyorejelewa mara 412, tuseme ina waandishi 43, na mwombaji wetu ni wa ishirini na saba kwenye orodha. Makala kama hizo zipo na zina heshima zao. Jumuiya ya Masakhane, inayoshughulikia teknolojia za lugha za Afrika, mwaka 2020 ilitoa makala kuhusu tafsiri ya mashine yenye waandishi zaidi ya arobaini, na mwaka 2021 ikatoa mkusanyo wa data za kutambua majina katika lugha kumi, Kiswahili na Kijaluo zikiwemo. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na watu watatu. Kila lugha inahitaji wenyewe wa kuiwekea alama, sentensi baada ya sentensi. Lakini orodha ya waandishi ni kama orodha ya harambee iliyosomwa majina bila viwango: unajua waliokuwapo, hujui nani alitoa nini.

Unaweza kujaribu kugawa. 412 kwa waandishi 43 ni kama 9.6 kwa kila mmoja. CSRankings, orodha ya idara za kompyuta duniani iliyoanzishwa na Emery Berger wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, hufanya jambo la jamii hiyo, ila kwa machapisho na si kwa marejeleo: kila makala hugawanywa sawa kwa waandishi wake. Ni njia safi kimahesabu, nami nadhani ni ya kikatili kwa kazi za pamoja, maana inamwambia mtafiti kwamba kila mshirika anayemkaribisha anampunguzia kipande chake.

Mpangilio wa majina ungesaidia kama ungekuwa na maana moja. Hauna. Katika nadharia ya kompyuta waandishi wengi hujipanga kwa alfabeti, kwa hiyo Achieng hutangulia Wekesa hata kama Wekesa ndiye aliyefanya uthibitisho wote. Katika mifumo na ujifunzaji wa mashine, wa kwanza kwa kawaida ni mwanafunzi aliyekesha na kazi, na wa mwisho ni msimamizi wake. Walio katikati wanaweza kuwa na chochote, kuanzia nusu ya programu hadi ufunguo wa maabara. Na ipo makala ya mwaka 2017 iliyoleta usanifu wa akili bandia uitwao transfoma, ambao mifumo mikubwa ya lugha ya leo imejengwa juu yake. Imerejelewa zaidi ya mara laki moja. Ina waandishi wanane, na kwenye tanbihi ya ukurasa wa kwanza walisema mchango wao ni sawa na majina yamepangwa kwa bahati nasibu. Pamoja na hayo, dunia nzima huiandika "Vaswani na wenzake". Majarida mengine sasa huwataka waandishi waeleze kazi ya kila mmoja kwa mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14, nani alibuni, nani aliandika programu, nani alitafuta fedha. Ukiona maelezo hayo yapo kwenye makala ya mwombaji, yasome kwanza kabla ya namba yoyote.

Ushirikiano wenyewe nao unapimika, na hapa sayansi ya kompyuta iko nyumbani kwake. Chukua kila mtafiti uwe umemwekea nukta, na kila waliowahi kuandika pamoja uwaunganishe kwa mstari. Umepata grafu. Wanahisabati wamecheza mchezo huu zamani kwa kumtumia Paul Erdős wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1996 akiwa ameandika makala kama 1,500 na washirika zaidi ya 500: aliyeandika naye ana namba 1, aliyeandika na mshirika wake ana 2, na kuendelea. Mchezo, ndiyo, lakini swali lililomo ni la kweli, kwamba mtu yuko umbali gani na wengine.

Tatizo la grafu mbichi ni lilelile la makala kubwa. Mwombaji wetu wa kwanza, kwa makala moja tu, anapata washirika 42 kwa mkupuo. Wa pili, ambaye tuseme ameandika makala zake tano za juu na watu walewale wawili, ana washirika wawili hapo. Ukihesabu mistari, wa kwanza ni mtu wa watu na wa pili ni mpweke. Mwanafizikia Mark Newman, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu mitandao ya ushirikiano wa wanasayansi, aliweka uzito kwenye mistari: makala ya waandishi n hukupa na kila mwenzako uzito wa moja gawanya kwa n toa moja. Kwa makala ya watu 43, uzito wako na kila mmoja ni 1/42. Kwa makala ya watu watatu ni 1/2, na makala tano za hivyo zinakupa 2.5 na kila mwenzako. Sasa picha inageuka. Wa pili ana uhusiano wa kazi uliokomaa, na wa kwanza ana kufahamiana kwingi kwa juujuu. Hakuna aliye bora kwa hilo peke yake, lakini kamati sasa inajua inamtazama nani.

Kipimo ninachokipenda zaidi kwenye grafu hakihesabu washirika hata kidogo. Kinauliza: ukimwondoa mtu huyu, ni makundi gani yatakayopoteza njia ya kufikiana? Mradi wa Kencorpus uliokusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya uliwakutanisha watu wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene. Mradi wa namna hiyo hauendi bila mtu anayeelewana na wanaisimu na wanaprogramu pia. Mtu kama huyo, aliye daraja kati ya makundi, anaweza kuwa na h ya 4. Ukimkosa, wanaisimu wanabaki na kanda zao na wanaprogramu wanabaki na modeli zao za Kiingereza. Tena kilichotoka pale ni data, na data hutumiwa na wengi wasioitaja. Mwanafunzi anaipakua, anafunza modeli, anahitimu, na kwenye marejeo yake anaweka anwani ya tovuti ambayo hakuna hifadhidata itakayoihesabu.

Grafu pia hujibu swali ambalo sisi huliuliza kwa sauti ya chini. Mhadhiri wa Nairobi mwenye makala nyingi na washirika wa Ulaya na Marekani, je, anaongoza au anaongozwa? Tazama nafasi yake kwenye orodha za waandishi kwa miaka. Kama kila wakati yuko katikati, wa kwanza na wa mwisho wakiwa wa ng'ambo, na data zote zimetoka Kibera au Kisumu, una haki ya kumuuliza kazi yake ilikuwa ipi. Kama alianza katikati na sasa wanafunzi wake mwenyewe ndio wa kwanza, hiyo ni habari kubwa kuliko h yoyote. Swali liulizwe kwa adabu. Fedha za utafiti mara nyingi hutoka huko, na kukataa ushirikiano si jambo ambalo kila mtu analimudu.

Fani ndogo nazo zisishindanishwe na kubwa. Anayefanya utambuzi wa picha kwa ujifunzaji wa mashine ana maelfu ya wenzake wa kumrejelea. Anayeshughulikia mofolojia ya Kikamba kwa kompyuta ana wachache sana. Kuna vipimo vinavyogawanya marejeleo yako kwa wastani wa makala za fani, mwaka na aina ileile, ambapo 1.00 ni wastani wa dunia na 1.50 ni nusu zaidi yake. Ni nafuu kuliko namba mbichi, ingawa huwa nashangaa ni nani anaamua Kikamba kiko kwenye fani gani.

Kila namba inayotoa cheo itatafutiwa njia. Kujirejelea kwa kiasi ni kawaida, maana kazi ya leo inatoka kwenye ya jana. Kuna wanaozidisha, na kuna vikundi vinavyorejeleana kwa mkataba. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble aliamua kuonyesha jinsi ilivyo rahisi. Alichukua SCIgen, programu ya wanafunzi wa MIT inayotunga makala za kompyuta zisizo na maana yoyote, akazalisha kama mia moja kwa jina la mtafiti wa kubuni, Ike Antkare, zote zikirejeleana. Google Scholar ikampa mtafiti huyo asiyekuwapo h ya 94.

Karibu na hapo ndipo ilipo ile orodha ya "asilimia mbili ya wanasayansi bora duniani" ambayo vyuo vyetu hupenda kuitangaza kwa mabango. Inatokana na kazi ya John Ioannidis wa Stanford, kwa data za Scopus, na kusema kweli ni makini kuliko wanavyoitumia. Ina safu za marejeleo yakiwemo ya kujirejelea na yasipokuwemo, inarekebisha idadi ya waandishi, na inatazama kama mtu alikuwa peke yake, wa kwanza au wa mwisho. Ina jedwali la kazi ya maisha na jedwali la mwaka mmoja. Bango huwa halisemi ni jedwali lipi.

Kwa hiyo faili mbili zile zingesomwaje? Mimi ningeanza kwa kuwataka wote wawili walete makala tatu wanazojivunia, na aya moja kwa kila makala ya walichofanya wao. Tamko la San Francisco la tathmini ya utafiti, lililoanzia kwenye mkutano wa mwaka 2012, linaelekea huko: soma kazi yenyewe. Halafu grafu ya washirika ya miaka yote, yenye uzito. Kisha ndipo namba, zote kutoka chanzo kimoja, tarehe ikiwa imeandikwa.

Ila kuna jambo moja la kufanya kabla ya hayo yote, na linawahusu Wakenya kuliko wengi. Hifadhidata zilitengenezwa na watu wanaodhani mtu ana jina la kwanza na la ukoo, basi. Tuseme mtu anaitwa Grace Wanjiru Mwangi. Makala ya kwanza ni G. W. Mwangi, ya pili ni Wanjiru Mwangi, ya tatu mhariri amegeuza ikawa Mwangi Grace, na baada ya harusi kuna jina la nne. Scopus inaweza kumgawa kuwa watu watatu, kila mmoja na h ya 2. Upande wa pili, kuna P. Mwangi mmoja kwenye Scholar ambaye amemeza kazi za wakina Mwangi wa kilimo na wa uuguzi, na hajalalamika.

DBLP, hifadhidata iliyoanzia Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, mwaka 1993 na leo ina machapisho zaidi ya milioni saba ya sayansi ya kompyuta, hulishughulikia jambo hili kwa uangalifu kuliko nyingine. Wanaoshiriki jina hutenganishwa kwa tarakimu nne nyuma yake, 0001, 0002. Haihimizi mashindano ya marejeleo. Kazi yake ni kusema nani aliandika nini na nani, na ukurasa wa kila mtafiti una orodha ya washirika wake. Ni pazuri pa kuanzia kuchora ile grafu. Namba ya ORCID, tarakimu 16 za kumtambulisha mtafiti, hutolewa bure tangu 2012 na hukufuata hata ukibadilisha jina au chuo. Chukua moja, ukubaliane na jina moja la kuchapishia, uiweke kwenye kila makala unayotuma. Kisha fungua ukurasa wako wa DBLP wiki chache kabla ya kupeleka faili. Ukimkuta Mwangi mwingine humo ndani, waandikie wahariri wao uwaeleze makala zipi si zako. Hurekebisha.